Kete Moja Ikiongezwa

Kibondo na Kasulu ni majirani wa nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha, na majirani hawakosi la kubishania. Safari hii ni bao. Kijana mmoja wa Kasulu, mpenzi wa gemu za simu na kompyuta, amepanda basi hadi Kibondo kumfuata mzee anayesifika kwa bao, na amebeba mapendekezo matatu. La kwanza, nyumba iondolewe, shimo hilo liwe shimo kama mengine. La pili, kete za mkononi zipunguzwe kutoka 22 hadi 10 ili mchezo uishe upesi. La tatu, anayecheza wa pili aongezewe kete moja shimoni, kwa sababu anayeanza, kwa maoni yake, ana faida, na yeye anataka usawa.

Wamekaa wanne: Mzee, Kijana, Mwalimu wa hisabati wa sekondari, na Mama mmoja aliyekulia Manyovu, mpakani na Burundi. Wasemaji nimewaunda mimi. Sheria za bao wanazozitaja nimezikuta, kama ulivyozikuta wewe.

KIJANA: Shikamoo babu. Shikamooni wote.

MZEE: Marahaba. Mwakeye. Kaa. Nimesikia umekuja kulirekebisha bao. Limekuuma wapi?

KIJANA: Halijaniuma, babu. Nalipenda, ndiyo maana nataka lichezwe. Ukipita Kasulu sokoni utaona vijana wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Drafti mtu anafundishwa asubuhi, mchana anacheza. Bao anafundishwa asubuhi, na jioni bado anaambiwa, "Hapo hujakosea, ila hairuhusiwi." Sheria zenu zina milango mingi ya nyuma. Na mlango mkubwa kuliko yote ni nyumba.

MZEE: Nyumba ni mlango wa mbele, mjukuu wangu. Lakini sema kwanza hiki unachokiita usawa. Umekitoa wapi?

KIJANA: Kwenye gemu. Mwaka 2002 kampuni ya Blizzard ilitoa gemu ya vita iitwayo Warcraft III, na ndani yake ikaweka chombo cha kuchorea ramani. Mchezaji yeyote angeweza kuchora ramani yake na kuweka sheria zake. Mwaka 2003 mchezaji mmoja aliyejiita Eul akachora ramani aliyoiita Defense of the Ancients, yaani DotA. Wachezaji watano kwa watano, njia tatu, kila upande unalinda ngome yake. Ramani ile ya mtu mmoja ikapendwa. Baada yake akaja Guinsoo, kisha IceFrog, wakawa wanaisawazisha kila mara: shujaa huyu ana nguvu mno, apunguzwe, yule hachaguliwi na mtu, aongezwe. Leo Dota 2 ina mashindano ya fedha nyingi duniani. Ingebaki kama ilivyochorwa mara ya kwanza, ingekufa.

MZEE: Na wale waliokuwa wakimtegemea huyo shujaa aliyepunguzwa, walisemaje?

KIJANA: Walilalamika, babu. Siku zote wanalalamika.

MZEE: Hawakulalamikia shujaa. Mtu amekesha miaka mitatu akijifunza njia za msituni, asubuhi anaamka anaambiwa njia zimehamishwa. Huyo amefanywa mgeni nyumbani kwake.

KIJANA: Kuhusu kuhamisha, ni kweli. Desemba 2016 lilitoka toleo la 7.00 la Dota 2, na pango la Roshan, lile dude ambalo timu zote huligombania, likahamishwa. Aprili 2023 ramani nzima ikapanuliwa kwa asilimia 40. Mafundi wa zamani wakawa wanapotea njia kama watoto. Lakini na wanafunzi walipotea vilevile! Huo ndio usawa ninaousema. Siku ya mabadiliko, fundi na mwanafunzi wanasimama mstari mmoja.

MWALIMU: Hapo ngoja, mwanangu. Umechanganya vitu viwili. Kuna usawa wa pande mbili za ubao, na kuna usawa wa fundi na mwanafunzi. Wa kwanza ni wa mchezo. Wa pili unapatikana kwa kufuta alichojua fundi, na sioni kwa nini tuuite usawa. Hata mimi ningeweza kuwasawazisha wanafunzi wangu wote kwa kuwatungia mtihani wa lugha wasiyoijua hata mmoja. Tuyatazame mapendekezo yako kwa usawa ule wa kwanza. Mzee, tupatie ubao.

*

Ubao ukawekwa katikati. Kwa msomaji ambaye hajakaa kwenye bao muda mrefu: safu nne, mashimo manane kila safu, jumla 32, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32. Anaanza kwa kuweka kete sita kwenye nyumba, ambayo ni shimo la tano la safu ya mbele ukihesabu kutoka kushoto kwake, na kete mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia. Hizo ni kumi. Zilizobaki, 22, anazishika na kuziingiza moja moja kila zamu inapomfikia: ndiyo hatua ya kunamua. Za mkononi zikiisha, mnaingia kwenye mtaji, mnacheza na zilizomo shimoni tu.

MWALIMU: Tuanze na la tatu, kete ya ziada, maana ndilo linaloonekana dogo. Tazameni. Nyumba yangu, shimo la tano, inatazamana na shimo la nne la mwenzangu, ambalo ni tupu. La sita langu linatazamana na la tatu lake, tupu. La saba na la pili, tupu. Kwa hiyo anayeanza hawezi kula chochote. Lazima atakate, yaani amwage bila kula. Nichukue shimo la sita: lina kete mbili, naongeza moja ya mkononi, zinakuwa tatu. Nikizimwaga kwenda kulia, zinaingia la saba, la nane, na moja inakwenda safu ya nyuma. Mwenzangu naye hana cha kula. Nimejificha. Nikizimwaga kwenda kushoto, moja inaingia nyumbani, moja shimo la nne, moja la tatu. Sasa la nne linatazamana na nyumba yake na la tatu linatazamana na shimo lake la sita, na yote mawili yana kete. Nimemfungulia milango miwili.

KIJANA: Sawa. Hiyo inaonyesha anayeanza ana uchaguzi.

MWALIMU: Na anayefuata anaona alichochagua mwenzake. Nani ana faida hapo? Usinijibu kwa mdomo. Weka sasa kete yako ya ziada. Tuseme, kwa urahisi wa hesabu, ubao uko kama mwanzoni na kete hiyo imewekwa shimo langu la sita, zipo tatu badala ya mbili. Nanamua moja, zinakuwa nne. Namwaga kushoto: nyumbani, la nne, la tatu, la pili. Hilo la pili linatazamana na shimo la saba la mwenzangu, nalo lina kete. Milango iliyokuwa miwili imekuwa mitatu. Kete uliyonipa kama zawadi, nikienda upande huo, inamlisha jirani.

KIJANA: Nikiiweka shimo la saba je?

MWALIMU: Hesabu upya. Ukiiweka nyumbani, hesabu upya. Wala sisemi haiwezekani. Ila huwezi kuongeza kete moja ukadhani umeongeza moja. Katika bao kinachohesabiwa ni mkono unaishia wapi. Ukiishia kwenye shimo tupu, umelala. Ukiishia kwenye shimo lenye kete, unainua na kuendelea, au unakula. Kete moja tu inatenganisha mkono uliolala na mkono unaozunguka ubao mzima. Mwaka 2006 watafiti watatu, Kronenburg, Donkers na de Voogt, walichapisha makala kuhusu mizunguko ya bao isiyokoma: kuna mipangilio ambayo ukianza kumwaga, kete zinazunguka bila mwisho. Huyo de Voogt ndiye Mholanzi aliyeandika kitabu kuhusu mafundi wa bao wa Zanzibar, mwaka 1995.

MZEE: Na mimi naongeza swali dogo. Kete 64 ukiongeza moja zinakuwa 65. Hiyo moja mchezo ukiisha inakwenda kwa nani?

(Kijana akacheka. Mzee hakucheka.)

*

KIJANA: Haya, la tatu naliweka pembeni. Lakini la pili mtanipa. Kete 22 za mkononi ni nyingi. Ziwe kumi. Mtu acheze wakati wa mapumziko, arudi kazini.

MWALIMU: Kumi za shimoni na kumi za mkononi ni ishirini kwa kila mmoja. Una mashimo mangapi?

KIJANA: Kumi na sita.

MWALIMU: Kwenye mtaji, shimo lenye kete moja unaruhusiwa kulianzia?

KIJANA: Hapana. Linaanziwa lenye mbili au zaidi.

MWALIMU: Sasa gawa. Kete 32 kwa mashimo 16 ni mbili mbili barabara. Ndiyo maana bao la kujifunza, lile la watoto wanaochimba mashimo ardhini, huanza na kete mbili kila shimo. Wewe unaleta ishirini kwa mashimo kumi na sita. Kila mchezaji akizisambaza, zinabaki nne tu za ziada. Ubao utajaa moja moja, na mtu atashindwa kwa kukosa pa kuanzia, hata kama hajazidiwa maarifa. Umefupisha mchezo, hilo kweli. Ila umeufupisha kwa kuukaba koo.

MZEE: Na umeondoa kitu kingine ambacho Mwalimu hakukitaja. Kunamua ndiko ninakomsoma mtu. Nina kete 22 mkononi, naingiza moja, natazama anavyojibu. Akiwa mwoga nalijua kwenye kete ya tano. Nikimmalizia safu yake ya mbele kabla hatujafika mtaji, tunasema nimemfunga mkononi, na hiyo ni aibu anayokwenda nayo nyumbani. Ukinipa kumi, nitamsoma lini?

KIJANA: Babu, ndicho ninachokisema! Wewe unatumia kete 22 kumsoma. Mgeni hajui hata kama anasomwa.

MZEE: Basi akija mara ya pili atajua.

KIJANA: Harudi mara ya pili. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Nyinyi mnalinda bao dhidi ya mabadiliko, na adui wa bao ni mkeka mtupu. Mwalimu Nyerere alilipenda bao, watu wakamwona rais anacheza mchezo wao. Leo kijana anamwona nani?

*

Kwa dakika chache hakusema mtu. Hoja hii ya Kijana haikujibiwa, na mimi pia sina jibu lake kamili. Aliyeendeleza mazungumzo ni Mama wa mpakani, ambaye muda wote alikuwa akizungusha kete mbili kiganjani.

MAMA: Mimi nitazungumzia nyumba, maana kwa hilo Mzee atanikasirikia. Ng'ambo, Burundi, wana bao lao, wanaliita ikibuguzo. Rwanda wanaliita igisoro. Na Uganda kuna omweso. Safu nne, mashimo manane, kete 64, kama hili. Lakini hawana nyumba.

KIJANA: Umesikia, babu?

MAMA: Tulia, mwanangu, sijamaliza. Hawana nyumba na mchezo wao haujafa, watu wanauheshimu kama nyinyi mnavyoheshimu huu. Kwa hiyo anayesema bao bila nyumba si bao, aende mpakani akaone. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Hata hii nyumba iliundwa. Kuna mtu fulani, siku fulani, alikaa kwenye mkeka akasema: shimo hili liwe na kete sita, na anayeishia humo akitaka alale, akitaka asafiri. Naye bila shaka alikuwa na babu aliyemgombeza.

MZEE: (akitabasamu kidogo) Inawezekana.

MAMA: Lakini nikuulize wewe kijana. Wenzetu hawana nyumba, je, wana nini? Kwao kete zote zinakuwa ubaoni tangu mwanzo, hakuna za mkononi. Na yapo mashimo ambamo mchezaji anaruhusiwa kugeuza mwendo akala kwa kurudi nyuma, jambo ambalo hapa huwezi kulifanya utakavyo. Umeona? Nguzo hii hawana, wana nyingine. Wewe unataka kuchomoa nguzo ya hapa bila kuleta ya kule. Nyumba yenye paa huwezi kuitendea hivyo.

MWALIMU: Na tuseme nyumba inafanya kazi gani, kwa sababu hata wanaoitetea huishia kusema "ni mila." Nyumba ina kazi mbili zinazopingana. Ni akiba, na ni windo. Mle ndimo mwenye kete nyingi, kwa hiyo mwenzako anaiwinda. Na ikiwa bado ina kete sita au zaidi, mkono wako wa kula ukiishia humo unachagua: kulala, ukaihifadhi, au kuitia safari, ukazimwaga zote ukijua haitarudi kuwa nyumba tena katika mchezo huo. Mashimo mengine yote yanaendeshwa na hesabu: mkono ukiishia penye kete, sheria inakusukuma uendelee. Nyumba ndipo mahali ambapo hesabu inasimama na kukuuliza wewe unataka nini.

KIJANA: Na ndipo fundi anapomshinda mgeni.

MWALIMU: Ndiyo. Lakini ndipo pia mgeni anapoweza kumshtua fundi, akasafiri wakati fundi alidhani atalala. Ukiifuta, umebakiza hesabu peke yake, na kwa hesabu fundi atamshinda mgeni vibaya zaidi.

*

MZEE: Mimi si adui wa mabadiliko. Nimeona mpira ukibadilishwa. Zamani beki alikuwa anamrudishia kipa, kipa anadaka, anakaa nao, dakika zinakwenda. Mwaka 1992 wakakataza kipa kudaka pasi ya mguu ya mwenzake. Makipa walihangaika mwanzoni, leo kipa asiyejua kutumia miguu hana timu. Ule ulikuwa uamuzi mzuri, nakubali.

KIJANA: Sasa kwa nini bao lisiguswe?

MZEE: Mpira una mwenyewe. FIFA ikisema leo, kesho refa wa Kasulu anapuliza. Hiyo gemu yako ina mwenyewe pia: umelala, ramani imebadilishwa, umeamka, ya jana hakuna. Bao mwenyewe ni nani? Nitajie ofisi yake. Bao mwenyewe ni yule aliyekaa mbele yako. Ukitaka sheria mpya, mshawishi huyo mmoja. Akikubali, chezeni, hakuna atakayekukamata. Kesho umshawishi mwingine. Ukifika wa mia, usiniulize tena, maana litakuwa limeshabadilika na mimi nitakuwa ndiye mgeni.

MWALIMU: Na hilo limewahi kutokea. Kwenye sataranji waziri alikuwa kipande dhaifu, akisogea chumba kimoja kwa pembe. Karne ya 15 huko Ulaya wakamgeuza malkia anayekwenda atakako, na mchezo ukawa mwingine. Hakuna kampuni iliyoamuru. Ubao kwa ubao, watu walikubali.

KIJANA: Lakini kumshawishi mtu mmoja mmoja kunachukua miaka.

MAMA: Kwani huu ulichukua mingapi?

KIJANA: Na ile faida ya anayeanza? Bado naiamini.

MAMA: Kwa hilo huhitaji kugusa shimo hata moja. Mnacheza michezo miwili. Wa kwanza anaanza Kibondo, wa pili anaanza Kasulu. Kama mpira wa nyumbani na ugenini. Mwalimu aandike kwenye daftari nani alianza na nani alishinda. Mkifika michezo mia mbili, mtazame. Ikiwa anayeanza anashinda mno, rudi hapa na kete yako ya ziada, nitakuwa upande wako. Dawa ya mchezo mkubaliane kabla hamjajua itamfaa nani. Anayebadili sheria baada ya kujua nani anashinda, watu hawamwamini hata akiwa na haki.

MZEE: Hilo nakubali. Na kwa sababu amesafiri, nitampa zaidi. Tutacheza miwili leo. Mmoja kwa sheria zangu. Mmoja kwa sheria zake, bila nyumba.

*

Huo ndio mjadala. Mchezo wa kwanza, wenye nyumba, Mzee alishinda, na sina haja ya kusimulia jinsi gani. Nataka kusimulia wa pili.

Walipanga kete zilezile, sita, mbili, mbili, lakini lile shimo la tano sasa lilikuwa shimo tu. Kijana alianza vizuri. Hakuwa na woga, na Mzee, ambaye mkono wake umezoea kulizunguka shimo lile kwa heshima, alisita mara mbili tatu. Aliliwa. Akaliwa tena. Kwa muda nilidhani Kijana ana haki kwa yote aliyoyasema: fundi alikuwa amepotea njia nyumbani kwake.

Kisha Kijana akanamua, akala kete nne, akazianzia kichwa cha kulia, shimo la mwisho la safu ya mbele, akamwaga kwa kasi ya mtu anayeona ushindi. Ya mwisho ikaangukia shimo la tano. Humo zilikuwa zimelundikana tisa, na pamoja na hiyo, kumi. Vidole vyake vikaondoka ubaoni, akaegemea nyuma. Alikuwa amelala.

Mzee hakunyoosha mkono kuchukua zamu yake. Alisubiri. Mwalimu naye, kalamu juu ya daftari, alisubiri. Kijana alitazama nyuso zetu, akatazama lile lundo la kete kumi ambalo kwa sheria ya babu lingekuwa salama, na ambalo kwa sheria yake alipaswa kuliinua lote na kulimwaga ubaoni, kete moja mbele ya kila mtego wa Mzee.

"Endelea, mjukuu wangu," Mzee akamwambia kwa upole. "Hapo hapana nyumba."